Taya Linauma, Sikio Linasingiziwa

Barua za taya zimekuwa nyingi kuliko tulivyozoea, kwa hiyo safari hii safu nzima tumeiachia taya. Barua tumezifupisha, na majina tumeyaweka kapuni. Wanaojibu ni daktari wa kinywa na meno pamoja na mtaalamu wa mazoezi tiba.

SWALI: Hongereni kwa kazi. Nauza dagaa Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza. Hii ni wiki ya tatu taya la kulia linaniuma karibu na sikio. Asubuhi ndiyo balaa, na nikila kitu kigumu maumivu yanapanda mpaka panjani. Duka la dawa walinipa matone ya sikio, nimemaliza chupa mbili sijaona nafuu. Bigijii natafuna sana kwa sababu ya harufu ya dagaa. Kuna la kufanya nikiwa nyumbani? — *Dada wa Mwaloni*

JIBU: Dada, kabla hujanunua chupa ya tatu, fanya jaribio hili. Ingiza ncha ya kidole cha mwisho kwenye kila sikio, viganja vikitazama mbele, kisha fungua na ufunge kinywa polepole. Hicho kinachosukuma vidole ni vichwa vya mfupa wa taya la chini. Kati yao na tundu la sikio kuna ukuta mwembamba tu, ndiyo maana kiungo hiki kikiuma mtu huapa kwamba ni sikio. Sikio lenyewe likiugua, aghalabu hutoa usaha, usikivu hupungua, au ndewe huuma ukiivuta. Kama hayo huna, na maumivu yanazidi unapotafuna, matone hayana kazi pale.

Sasa weka vidole viwili shavuni, usawa wa magego, ukaze meno. Kile kinachovimba na kuwa kigumu ni msuli wa kutafunia. Rudia panjani: nako kuna msuli, mpana kama upepeo. Kwa watu wengi wanaolalamikia kiungo, kinachouma zaidi ni misuli hii, nayo huuma kwa sababu ileile mkono unavyouma baada ya kutwanga kutwa nzima. Meno ya juu na ya chini hayapaswi kugusana ila unapotafuna na unapomeza. Ukijumlisha muda huo kwa siku nzima, hata saa moja haifiki. Mtu anayekaza meno akinyanyua beseni, akihesabu hela, akibishana bei, halafu akaongeza bigijii kuanzia alfajiri hadi jioni, anaitwika misuli kazi ya saa nyingi ambayo haikuumbiwa.

Kwa hiyo bigijii iache leo, si kesho. Na tuseme ukweli, harufu ya dagaa haikai kinywani, inakaa kwenye mikono na nguo. Ndimu na sabuni vitaiondoa kuliko bigijii.

La pili ni kulifundisha taya kupumzika. Anza kusema "nne", lakini uishie kwenye ile "n" ya mwanzo. Ncha ya ulimi imegota nyuma kidogo ya meno ya mbele ya juu. Iache hapohapo. Sasa funga midomo kama mtu anayeitikia "mmh". Midomo imegusana, meno yameachana kwa milimita 2 au 3, ulimi uko juu. Hayo ndiyo makao ya taya wakati haliongei wala halili. Kuyajua ni rahisi, kazi ni kuyakumbuka. Tia doa la rangi ya kucha nyuma ya simu, na jingine kwenye ndoo ya kupimia dagaa. Kila jicho likigonga doa, jiulize: meno yanagusana? Siku ya kwanza utajikuta umeyakaza mara nyingi mno. Usivunjike moyo, yaachanishe tu uendelee na biashara.

Chakula kiwe laini kwa wiki 2. Kanda ya Ziwa hili si tatizo: uji wa ulezi, sato wa kuchemsha aliyetolewa miiba, wali ulioiva vizuri, maharage, ndizi za kupika, parachichi, mayai, ugali kwa mlenda unaoteleza wenyewe. Vya kuweka kando ni nyama choma, mahindi ya kuchoma, miwa, karanga za kukaanga, chapati ngumu, na matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa. Michembe, vile viazi vinavyokaushwa vibichi, ikichemshwa mpaka ilainike haina neno, adui ni kuitafuna mikavu. Usiume embe zima wala hindi kwa meno ya mbele, kata vipande vidogo. Gawa tonge pande zote mbili za kinywa. Ukitafunia kushoto tu kuikwepa kulia, wiki ijayo utatuandikia kuhusu taya la kushoto.

Joto ndilo dawa nzuri ya misuli iliyochoka. Taulo la maji moto linafaa, ila linapoa ndani ya dakika chache na watu huchoka kulichovya. Njia rahisi ni soksi ya mchele. Chukua kikombe kimoja na nusu cha mchele mkavu, uweke kwenye sufuria kavu juu ya moto mdogo, ukoroge kwa dakika 4 au 5 mpaka upate joto bila kubadilika rangi. Mimina kwenye soksi nene ya pamba, si ya nailoni maana inaweza kuyeyuka, kisha funga fundo. Jaribu kwanza ndani ya kifundo cha mkono. Kama huwezi kuvumilia hapo, shavu nalo halitavumilia, subiri kidogo. Weka shavuni na panjani kwa dakika 15 hadi 20, mara 3 kwa siku, na moja kati ya hizo iwe kabla ya kulala. Mchele huohuo utautumia tena na tena, ila usiupike.

Taya likiwa bado na joto, kanda msuli wa shavu kwa vidole viwili, ukizungusha duara dogo kwa dakika moja, kisha panja. Mkandamizo uwe wa kukuletea raha, si machozi. Halafu mazoezi. Ncha ya ulimi ikiwa juu kwenye ile "n", fungua kinywa taratibu mpaka pale ulimi unapotaka kubanduka, usivuke hapo, kisha funga bila kugonganisha meno. Mara 6. Tumia kioo: mstari wa katikati ya meno ya chini ushuke wima, usikimbilie upande. Baadaye weka ngumi chini ya kidevu, fungua kidogo huku ngumi ikizuia kwa nguvu ndogo, hesabu hadi 6, legeza. Hilo nalo mara 6. Rudia seti hii mara 6 kwa siku, kila mara haichukui hata dakika 3. Maumivu yakizidi na yakakaa zaidi ya nusu saa baada ya zoezi, punguza idadi kwa nusu badala ya kuacha kabisa.

Dawa. Mtu mzima asiye na vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, ugonjwa wa moyo, pumu inayoamshwa na dawa za aina hii, wala ujauzito, anaweza kumeza ibuprofeni miligramu 400 mara 3 kwa siku baada ya kula, kwa siku 5 hadi 7. Imeze kwa saa zake, maana ukingoja uumie ndipo umeze, msuli unakuwa umeshakaza. Usiichanganye na diklofenaki, hizo ni ukoo mmoja na tumbo ndilo litakalolipa. Wenye presha wanaotumia dawa wamuulize daktari kwanza. Asiyeweza ibuprofeni atumie parasetamoli, vidonge 2 vya miligramu 500 kila baada ya saa 6, visizidi 8 kwa saa 24. Mafuta ya karafuu hutuliza kidogo jino lililotoboka. Kuyapaka shavuni hakufiki kwenye kiungo.

Wengi hupata nafuu ndani ya wiki chache, na safari hiyo ina mabonde yake. Kosa la kawaida ni hili: siku ya nne maumivu yanapungua, ya tano mtu anaagiza nyama choma, ya sita anarudi alikotoka. Kosa jingine ni kufungua kinywa kwa upana wote kila saa kupima kama bado linauma. Na wapo wanaofunga taya kwa kitambaa kutwa nzima wakidhani wanalipumzisha. Kiungo kisichotembea kinakakamaa. Angalia pia simu: kuibana kati ya bega na shavu huku mikono ikipima dagaa kunaumiza shingo na taya kwa pamoja.

SWALI: Mimi ni mwanachuo, naishi Nyegezi. Nikila, taya linalia "tak" upande mmoja. Haliumi. Wenzangu wananiambia siku moja litachomoka. Ni kweli?

JIBU: Si kweli. Ndani ya kiungo kuna kisahani cha gegedu kinachokaa kama kofia juu ya kichwa cha mfupa. Kikiteleza kidogo mbele, kichwa cha mfupa kinakirukia unapofungua kinywa, na huo mruko ndio mlio. Watu wengi wanao. Bila maumivu, na kinywa kikifunguka vizuri, hakihitaji tiba yoyote. Kipimo cha kufunguka ni vidole vyako mwenyewe: shahada, cha kati na cha pete, vikipangwa wima kati ya meno ya mbele ya juu na ya chini, viingie vyote vitatu. Acha tu kuliliza makusudi ili marafiki wasikie.

La kuangalia ni siku mlio utakapopotea ghafla na kinywa kikaishia vidole viwili, taya likivutwa upande ule uliokuwa unalia. Hapo kisahani kimekwama mbele na hakirudi. Muone daktari wa meno ndani ya siku chache, usisubiri miezi.

SWALI: Salaam kutoka Nansio. Mume wangu alipiga miayo akabaki kinywa wazi, hawezi kufunga, mate yanamtoka. Jirani alimpiga kofi likarudi. Mwezi uliopita limetokea tena. Tukiwa kisiwani tufanyeje likijirudia?

JIBU: Mama, kofi lile lilibahatisha. Lingeweza kuvunja shingo ya mfupa wa taya. Tunawaomba majirani wote wa kisiwani wayaache makofi.

Kinachotokea ni kwamba kichwa cha mfupa kimevuka kijilima kilicho mbele ya kiungo kikakwama upande wa pili. Misuli inashtuka na kukaza, na kadiri inavyokaza ndivyo inavyokishikilia hukohuko. Ndiyo maana kusukuma kidevu juu hakusaidii: unakibana kwenye kijilima. Taya linatakiwa kwanza lishuke, ndipo lirudi nyuma. Anayejua kazi humketisha mgonjwa chini, kichwa kikiegemea ukuta, hufunga dole gumba zake kwa gozi, kile kitambaa cha kufungia vidonda, huziweka juu ya magego ya chini ya mwisho, hukandamiza chini kwa nguvu ya polepole na kisha kusukuma nyuma. Gozi hilo lina sababu: taya likirudi, meno hufunga kwa kishindo. Tumeeleza ili mjue mtakachofanyiwa, si ili mjaribu nyumbani.

Ninyi kazi yenu ni kumketisha, kumpa kitambaa cha mate, kidevu akishikilie kwa kiganja bila kusukuma, asile wala asinywe, na aondoke mara moja. Anzieni hospitali ya wilaya palepale Nansio kabla ya kufikiria meli ya Mwanza. Likirudishwa katika saa za mwanzo ni kazi ya dakika chache. Likilala usiku mzima, misuli imeshakakamaa na huenda akahitaji sindano ya kulegeza au usingizi.

Likisharudi, kwa wiki 2 hadi 3 asifungue kinywa zaidi ya upana wa kidole kimoja na nusu, na chakula kiwe cha kijiko. Miayo ikija, ulimi aubane juu kwenye kaakaa na ngumi aiweke chini ya kidevu. Ulimi ukiwa juu, kinywa hakiwezi kuachama. Kwa kuwa limeshatoka mara mbili, apewe rufaa kwa daktari wa upasuaji wa kinywa hata kama leo yuko mzima. Amwambie pia dawa anazotumia, kwa sababu baadhi ya dawa za magonjwa ya akili na za kuzuia kutapika huvuta misuli ya taya.

SWALI: Ni dereva wa lori, makazi Usagara. Mke wangu anasema nasaga meno usiku mpaka anaamka. Asubuhi mashavu yamechoka na meno yanapungua urefu. Nimeona mtandaoni wanauza plastiki ya kuvaa. Ninunue?

JIBU: Ile ya kuchovya maji ya moto na kuiuma ni laini, na kuna watu ambao wakiivaa husaga zaidi, kama mtu aliyepewa bigijii akiwa usingizini. Iliyo mbaya zaidi ni ile inayofunika meno ya mbele tu: ukiivaa miezi, magego yanaweza kuhama na meno yakaacha kukutana sawasawa. Inayofaa ni kinga ngumu ya akriliki, inayofunika safu nzima ya meno, iliyotengenezwa kwa vipimo vya kinywa chako kwa daktari wa meno na kurekebishwa mpaka meno yote yaiguse sawa. Ioshe kwa mswaki na maji ya baridi, maana ya moto yanaipinda. Na ujue unachonunua: kinga inayalinda meno, haikomeshi kusaga.

Kinachochochea kusaga kipo kwenye mtindo wako wa siku. Pombe jioni, sigara, kahawa na vinywaji vya kuongeza nguvu vya safari ya usiku, vyote vinaamsha misuli. Acha kahawa kuanzia saa 8 mchana siku unayolala nyumbani. Baadhi ya dawa za sonona, kama fluoksetini na sertralini, nazo huleta kusaga. Usiziache mwenyewe, mwambie aliyekuandikia. Mwisho, muulize mkeo kama pia unakoroma na kukata pumzi halafu unashtuka kama mtu anayezama. Kama jibu ni ndiyo, na mchana unasinzia kwenye usukani, hilo ni la hospitali kabla ya safari nyingine, na si kwa ajili ya meno.

SWALI: Nina miaka 58, naishi juu Mabatini. Nikipanda kwenda nyumbani, taya la kushoto linauma na meno ya chini yote yanakuwa mazito. Nikikaa kwenye jiwe nikapumzika linaacha. Niling'oa gego moja lakini bado. Nijaribu kulikanda kwa maji moto?

JIBU: Shikamoo mzee. Usijaribu. Taya linalouma unapopanda mlima na kutulia unapokaa, bila wewe kutafuna chochote, linaweza kuwa ni moyo unaolilia damu. Maumivu ya moyo huweza kutokea tayani, begani au mkononi bila kifua kuuma sana. Nenda hospitali leo, upimwe presha, sukari na mchoro wa umeme wa moyo, na useme kama ulivyotuandikia: linaanza nikipanda, linaacha nikikaa. Likikujia ukiwa umetulia, likikaa zaidi ya dakika 15, au likija na jasho baridi, kichefuchefu au pumzi kubana, usiteremke mlima kwa miguu. Itwe gari, hata saa nane za usiku. Gego lingine lisiguswe mpaka moyo uangaliwe.

SWALI: Nimeng'olewa gego la mwisho la chini siku 6 zilizopita, Igoma. Jeraha haliumi sana ila kinywa kinafunguka kidole kimoja tu. Kijiko kinapita kwa shida. Ni kawaida?

JIBU: Ni jambo la kawaida. Sindano ya ganzi ya taya la chini hupita karibu na msuli wa ndani wa kutafunia, na kinywa nacho kiliachama muda mrefu. Msuli uliochomwa na kuchoka hukaza. Mara nyingi hulegea ndani ya wiki 1 hadi 2, lakini usingoje tu bila kufanya kitu.

Siku 2 za mwanzo baridi ndiyo iliyofaa. Sasa ni zamu ya joto: soksi ya mchele kama tulivyomweleza dada wa Mwaloni, dakika 15, mara 4 kwa siku. Kila baada ya joto fanya zoezi la vijiti. Nunua vijiti vya aiskrimu vipya, vile bapa, uvioshe. Vipange kimoja juu ya kingine kama kitita cha noti, uviingize kati ya meno ya mbele vingi kadiri vinavyoingia bila kulazimisha. Tuseme vimeingia 8. Shikilia kwa sekunde 30, kisha penyeza cha 9 katikati ya kitita. Utahisi mvuto, si kisu. Sekunde 30 nyingine, toa vyote, pumzika, rudia mara 5. Kesho anza na 9. Kijiti kimoja kina unene wa kama milimita 2, kwa hiyo vikifika 18 hadi 20 umerudi kwenye vidole vitatu. Tunavipendelea kuliko kuvuta taya kwa mkono kwa sababu vinahesabika: unajua jana ulifika wapi.

Suuza kinywa kwa nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye glasi ya maji ya uvuguvugu kila baada ya kula, maana mswaki haufiki nyuma. Lakini ukipata homa, uvimbe chini ya taya, sauti ikabadilika kama mtu mwenye kiazi cha moto kinywani, au mate yakakushinda kumeza, vijiti tupa, nenda hospitali siku hiyohiyo. Hilo ni jipu linaloshuka shingoni, nalo huziba njia ya hewa.

SWALI: Kisiwani Kome jirani yetu alichomwa na ndoano mguuni, kama siku 10 baadaye taya likakaza. Watu wakasema ni meno, akapewa dawa ya meno. Kumbe ilikuwa pepopunda. Tutatofautisha vipi?

JIBU: Swali zuri, na lina haraka kuliko yote humu. Taya la misuli iliyochoka huuma mahali fulani, hubadilika kati ya asubuhi na jioni, na shingo huwa laini. La pepopunda hukaza pande zote mbili, huzidi saa hadi saa, na punde shingo, mgongo na tumbo hukakamaa. Kumeza kunakuwa kugumu, uso unajikunja kama mtu anayecheka bila furaha, na kelele au mguso mdogo humletea mkakamao wa mwili mzima huku akili yake ikiwa timamu kabisa. Dalili huanza kati ya siku 3 na 21 baada ya jeraha, mara nyingine jeraha limeshapona na kusahaulika. Kwa hiyo kila anayekaza taya aulizwe kwanza: umechomwa na nini ndani ya wiki tatu zilizopita?

Ukishuku, usimpe uji wala maji kinywani, atapaliwa. Chukueni boti mara moja. Kinga ni chanjo, na hapa wanaume ndio waliosahaulika: wanawake wengi huipata wakiwa wajawazito, mvuvi huenda hajachanjwa tangu utotoni. Jeraha la ndoano, msumari au mwiba wa samaki lioshwe kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka, lisipakwe samadi wala oili ya injini, na kama miaka 5 imepita tangu chanjo ya mwisho, au hajui, aende zahanati achanjwe.

Kuna kukaza kwingine kunakofanana na huku ila hakutokani na jeraha. Mtu alikuwa anatapika, akapewa metoklopramaidi, baada ya saa chache au siku moja mbili taya linapinda, ulimi unatoka, macho yanapanda juu. Si mashetani. Arudi hospitali na jina la dawa mkononi, kwa kawaida sindano moja ya kuondoa athari hiyo inatosha.

SWALI: Mwanangu wa miaka 6, tuko Magu, amevimba taya upande mmoja wiki 2 sasa. Haumwi na anacheza. Ila magego mawili yanatikisika. Bibi yake anasema ni matumbwitumbwi, tumpake majivu.

JIBU: Mama, matumbwitumbwi huvimba mbele na chini ya sikio, huja na homa, mara nyingi hufikia pande zote mbili, na wiki ikipita uvimbe unapungua. Ya mwanao yamepita wiki 2, hayapungui, na meno yanatikisika kabla ya wakati wake. Huenda ni jipu la jino. Lakini ukanda huu wa ziwa una saratani ya watoto inayopenda sana taya, ile ambayo daktari Denis Burkitt aliieleza mwaka 1958 akiwa Uganda na ambayo hadi leo inaitwa kwa jina lake. Huwapata zaidi watoto wa umri kama wa wako, haiumi mwanzoni, na hukua haraka mno, uvimbe unaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku chache. Vilevile hujibu dawa vizuri ikiwahiwa.

Majivu yaache, na meno hayo yasing'olewe kwanza. Mpeleke hospitali ya wilaya kesho asubuhi, uombe aangaliwe kinywa, ashikwe tumbo na shingo, na upewe rufaa ya hospitali ya Bugando achukuliwe kinyama cha kupimwa. Beba kadi yake ya kliniki, na piga picha ya uso wake leo kwa simu, kwa mbele na kwa ubavu, ili daktari aone uvimbe umekua kiasi gani kati ya leo na siku atakayompokea.